Mbwa Mchezaji katika Nyumba ya Wageni ya Mashambani: Mwongozo Kamili wa Kumlea Msimu kwa Msimu

Nyumba ya wageni iliyo mashambani huendeshwa kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya hali ya hewa: mvua, joto, mavuno na majani kupukutika, kisha baridi. Ya pili ni ya wageni: majuma ya likizo, ambapo kila chumba kina watu na watoto wanakimbizana uani, na majuma makavu, ambapo hata kengele ya mapokezi hailii. Mbwa anayeishi mahali kama hapo huzifuata kalenda zote mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi ile ya wageni humchosha kuliko jua au mvua. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwenye nyumba anayetaka mbwa wake acheze mwaka mzima bila kumuumiza mtu, bila kuumia mwenyewe, na bila kumfanya mgeni asiyependa mbwa ajutie safari yake.

Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya jambo moja: mbwa wa nyumba ya wageni huharibiwa zaidi na wageni wema kuliko wageni wakali. Mgeni mkali humfukuza, na mambo huishia hapo. Mgeni mwema humrushia mpira hadi pumzi zimwishie, humpa mabaki ya sahani yake, humpandisha kitandani, kisha huondoka kesho yake na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine mwenye wema uleule. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye nyumba si kumchezesha mbwa, kwa kuwa wa kumchezesha hawakosekani, bali kuamua mchezo uanze lini na, zaidi ya hilo, ukome lini.

Hatua ya kwanza: Chagua mbwa anayependa watu

Uzuri wa manyoya na umaarufu wa mbegu visikuongoze. Mtazame mbwa mwenyewe anapokutana na mtu asiyemjua. Anayefaa husogea kwa hiari yake, mwili ukiwa umelegea, huondoka kando anapotosheka, na sufuria ikianguka ghafla hushtuka kisha hutulia baada ya muda mfupi. Mbwa aliyekuzwa kwa ulinzi hafai kwa kazi hii, hata akiwa mtiifu kiasi gani, kwa sababu haiwezekani kumtaka amshuku kila ajaye usiku na kumchangamkia kila ajaye mchana.

Ukianza na mbwa mtoto, fahamu kwamba kipindi cha kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 12 hadi 14 za umri wake ndicho kinachoamua kwa kiasi kikubwa atakavyouona ulimwengu; utafiti wa John Paul Scott na John Fuller, uliochapishwa mwaka 1965, ndio ulioimarisha elimu hiyo. Tumia majuma hayo kumzoesha, kidogo kidogo na bila kumtisha, vitu vya nyumba ya wageni: masanduku yenye magurudumu yanayokwaruza sakafu, miavuli inayofunguka, watu wenye fimbo za kutembelea, kofia pana, vilio vya watoto na mngurumo wa mashine ya kufulia. Mbwa mzima naye ana faida yake, kwa kuwa tabia yake imekwisha kuonekana na hutakuwa unabahatisha.

Hatua ya pili: Afya kabla ya mchezo

Kichaa cha mbwa ndicho kinachotangulia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa mbwa akifikisha wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na baada ya hapo huendelea kwa ratiba inayotegemea aina ya chanjo na sheria ya mahali. Weka nakala ya cheti mapokezi, kwa sababu mgeni akikwaruzwa hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza. Mtu akiumwa, hata kwa utani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kungoja.

Wageni wengine huja na mbwa wao, kwa hiyo mbwa wako hukutana na vijidudu ambavyo mbwa wa nyumba ya kawaida huenda asivione maisha yake yote. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo za magonjwa ya kuambukiza ya mbwa: parvo, distempa, homa ya mgunda na kikohozi cha kuambukiza.

Mbwa mtoto hupewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki 2 kuanzia akiwa na wiki 2, na mbwa mzima kwa kawaida kila baada ya miezi 3 au kama daktari atakavyoelekeza. Jambo hili linawahusu wageni moja kwa moja, kwa kuwa mayai ya minyoo mviringo ya mbwa yanaweza kumwambukiza mtoto anayechezea udongo. Hata hivyo, mayai hayo huhitaji majuma kadhaa ardhini kabla hayajaweza kuambukiza. Ndiyo sababu kuokota kinyesi siku hiyohiyo, kila siku, ni kinga kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Mvalishe ukanda wa shingoni wenye namba ya simu ya nyumba, na umwekee mikrochipu, yaani kidude kidogo cha utambulisho chini ya ngozi, panapopatikana huduma hiyo. Wageni husahau kufunga lango. Hilo halibadiliki, usijisumbue kulibadilisha.

Hatua ya tatu: Gawanya nyumba

Jikoni na stoo ya chakula mbwa haingii kamwe. Zamani, katika majiko ya Uingereza, kulikuwa na mbwa wenye miguu mifupi waliokimbia ndani ya gurudumu ili kuzungusha nyama juu ya moto. Siku hizi mbwa hana kazi yoyote humo, na mpishi anayemvutia mlangoni kwa vipande vya nyama anafundisha tabia ambayo wahudumu wengine watahangaika nayo kila siku. Ukumbi wa chakula ufungwe kwake wakati wa milo. Tenga pia upande mmoja wa vyumba asioukanyaga kabisa, kwa ajili ya wageni wenye mzio, kwa kuwa vitu vinavyosababisha mzio hutoka katika mate na magamba ya ngozi yake, hunata kwenye mapazia na magodoro, na huweza kubaki humo kwa miezi kadhaa hata baada ya mbwa kuondolewa.

Kisha mpe mahali pake. Mbwa mzima hulala takriban saa 12 hadi 14 katika saa 24, usingizi wa vipande vipande, na nyumba yenye wageni humkatizia vipande hivyo kila mara. Kona nyuma ya mapokezi, yenye godoro lake, maji na kizuizi kifupi mbele, inatosha, mradi iwe sheria isiyovunjwa kwamba akiwa humo hakuna anayemgusa wala kumwita, awe mgeni, mtoto au mwenye nyumba.

Hatua ya nne: Fundisha mchezo wenye mwanzo na mwisho

Mbwa anayemwalika mwenzake kucheza huinamisha kifua hadi viwiko vya miguu ya mbele vikagusa ardhi, makalio yakabaki juu, mkia ukapepea na mdomo ukawa wazi, umelegea. Hukaa hivyo kwa nukta (sekunde) chache, kisha huruka kando, husimama na kugeuza kichwa kuona kama anafuatwa. Mtafiti Marc Bekoff, aliyechunguza ishara hii kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mbwa huitumia pia katikati ya mchezo, hasa karibu na tendo linaloweza kudhaniwa kuwa ukali, kama vile kuuma huku wakitikisa kichwa. Mchezo mzuri una alama nyingine pia: wanabadilishana zamu ya kukimbiza na kukimbizwa, aliye na nguvu hujipunguzia nguvu, na mara kwa mara wote wawili husimama kupumua.

Wahudumu wote wajifunze vilevile dalili za mbwa aliyechoka na watu: mwili unaokakamaa, mdomo unaofumba ghafla, kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo pasipo usingizi, na kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana pembeni. Akinguruma, asiadhibiwe. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyezimwa onyo hubakiwa na meno tu; mwondoe kwa utulivu, kisha utafute kilichomfikisha hapo.

Maneno machache yanatosha: “njoo”, “achia”, “chini” kwa mbwa anayerukia watu, na “basi” kwa mwisho wa mchezo. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa katika nyumba ya wageni, nalo hufundishwa hivi. Mchezo ukiwa bado mtamu, chukua mpira, sema “basi” kwa sauti ya kawaida, tia mpira ndani ya kopo lenye kifuniko mbele ya macho yake, tawanya punje chache za chakula chake kwenye nyasi ili ateremshe pua na kunusa, kisha ondoka. Usimwangalie tena wala usimwombe radhi kwa mikono. Rudia kila siku, na kila mhudumu afanye vilevile bila kubadili neno, hadi mbwa atakapolisikia na kwenda mwenyewe kutafuta kivuli.

Kuhusu vifaa, mpira uwe mkubwa kiasi cha kutoweza kupita kooni. Fimbo zisirushwe, hata kama mbwa mwenyewe ndiye anayezileta, kwa kuwa fimbo iliyojikita ardhini humchoma mdomoni au kooni akiifikia kwa kasi. Kuvutana kamba hakuna ubaya wowote, ilimradi “achia” imeshaeleweka na meno hayagusi mkono.

Hatua ya tano: Waelekeze wageni kabla hawajamkuta mlangoni

Mjulishe kila anayeweka nafasi kwamba nyumba ina mbwa, na umuulize kama kuna mwenye mzio au hofu. Swali hilo liulizwe mapema, maana mtu mwenye hofu hatalitamka akiwa tayari ameshika sanduku mbele ya watu. Anapofika, mbwa awe katika kona yake. Watambulishwe baadaye, mgeni akitaka.

Mpira mmoja ukae mapokezi na uazimwe kama funguo zinavyoazimwa. Anayeutaka huuomba, hucheza dakika 10 hadi 15, na huurudisha. Utaratibu huu unaonekana wa kirasimu, lakini unafanya kazi ambayo kibao cha onyo hakifanyi: mwenye nyumba anajua mbwa amecheza mara ngapi tangu asubuhi, na anaweza kusema kwa upole kwamba kwa leo amechoka. Baadhi ya nyumba hutumia kitambaa cha rangi shingoni. Kikiwapo, mbwa yuko tayari kuguswa, na kikivuliwa, yuko mapumzikoni. Watoto huielewa alama hiyo haraka kuliko wazazi wao.

Watoto waambiwe mambo manne tu: wasimkumbatie, wasimsogelee akila au akilala, wasimnyang'anye alichoshika, na wasikimbie wakipiga kelele. Mtu mzima awepo daima. Kwa yeyote anayetaka kumpapasa, mwonyeshe jaribio la nukta tatu: ampapase kifuani au begani kwa nukta tatu, aondoe mkono, asubiri. Mbwa akisogea, aendelee. Akigeuza kichwa au akikaa tu bila kujibu, amwache.

Chakula ndicho kinachoshinda sheria zote, kwa sababu mgeni hutoa kwa siri na kwa moyo mkunjufu. Kumkataza hakufai kitu; afadhali umpe njia. Kila asubuhi pima chakula cha mbwa cha siku nzima, tenga sehemu yake katika kopo la mapokezi, na mgeni anayetaka kumpa kitu achukue humo. Kopo likiisha, limeisha. Bandika ukumbini orodha fupi ya vitu vyenye sumu kwake: chokoleti, ambayo ina kemikali iitwayo theobromini, zabibu mbichi na kavu, zinazoweza kuharibu figo, vitunguu vya aina zote, makadamia, unga mbichi uliotiwa hamira, pombe, na peremende au bazoka zenye zailitoli, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu ghafla. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Mpime uzito kila mwezi, na upapase mbavu zake: zinapaswa kuhisika bila kukandamiza.

Msimu wa mvua

Mlangoni paweke beseni, taulo mbili na mkeka. Mzoeshe kusimama juu ya mkeka na kuinua mguu mmoja mmoja. Ushike kwa ulegevu, utumbukize katika maji ya uvuguvugu, utanue vidole na kutazama katikati yake, ambako tope hujikaza, miiba hujificha na kupe hupenda kujishikiza, kisha ukaushe kabla ya kuhamia mguu wa pili. Mwanzoni mpe kipande cha chakula kwa kila mguu. Baada ya majuma machache atausogeza mwenyewe, na wageni watasimama kutazama. Hapo sema “chini” mapema, maana miguu bado ina maji na suruali za watu ni safi.

Madimbwi yaliyotuama yaepukwe. Homa ya mgunda huenezwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, unaochanganyika na maji na tope, nayo humpata mbwa na binadamu vilevile. Kupe wakaguliwe kila jioni masikioni, kwapani na kuzunguka shingo; kupe ang'olewe kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu bila kupakwa mafuta wala kuchomwa moto. Mbu nao hueneza minyoo ya moyo katika maeneo mengi, hivyo uliza kuhusu dawa ya kuzuia.

Mvua ikizuia kutoka, mchezo wa pua huziba pengo. Viringisha taulo kuukuu lenye punje za chakula ndani yake, au panga maboksi matupu ukaficha kitu katika moja tu, na umwachie atafute. Kunusa humchosha kwa namna ambayo mbio hazimchoshi, na mgeni aliyefungiwa ndani na mvua hufurahia kuficha kama mbwa anavyofurahia kutafuta. Radi ikimwogopesha, mpeleke kwenye kona yake, funga mapazia, na kaa naye akitaka. Kumtuliza hakumfunzi woga.

Msimu wa joto

Kwa nyumba nyingi huu ndio msimu wa wageni wengi, na hapo kalenda mbili hugongana: mchezo hutakiwa zaidi wakati mwili unapouweza kidogo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi. Likipanda kupita 41, maisha yake yamo hatarini. Mbwa hana jasho la kumpoza kama la binadamu. Hutegemea zaidi kuhema ulimi ukiwa nje, na njia hiyo hudhoofika hewa ikiwa na unyevu. Wenye pua fupi huathirika upesi zaidi, wakifuatiwa na wanene na wazee.

Mchezo ufanyike alfajiri na baada ya jua kutua, basi. Kabla ya kumtoa, bonyeza mgongo wa mkono wako kwenye sakafu ya uani au lami kwa nukta 7. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo haziwezi. Usimwache ndani ya gari, hata kivulini, hata kwa dakika chache. Akihema kupita kiasi, akitoa mate mazito, ufizi ukawa mwekundu sana au akayumba, mtie kivulini na ummwagie maji ya baridi mwili mzima papo hapo huku akipepewa, kisha umpeleke kwa daktari. Upoozaji uanze kabla ya safari, kwa kuwa kila dakika ya joto huharibu viungo vya ndani.

Bwawa lenye utando wa kijani au buluu lisiguswe, kwani aina fulani za bakteria wanaoota humo huua mbwa kwa muda wa saa chache. Nyasi zilizokauka nazo huangusha mbegu zenye ncha ambazo huingia masikioni, puani na katikati ya vidole, na kuzidi kupenya ndani; mbwa anayetikisa kichwa ghafla au kulamba mguu mmoja bila kukoma akaguliwe siku hiyohiyo.

Mavuno na majani kupukutika

Wageni wanapopungua ghafla, mbwa aliyechezewa na watu kumi kwa siku hujikuta na mmoja, tena mwenye shughuli. Huu ndio wakati viatu vinapotafunwa na kubweka kunapoanza, na wengi humlaumu mbwa kwa utovu wa adabu ilhali anachokosa ni ajira. Anza kupunguza michezo ya mpira majuma kadhaa kabla ya likizo kwisha, ukiijaza nafasi hiyo kwa matembezi ya kamba ndefu na michezo ya kunusa, ili kushuka kwake kuwe kwa ngazi.

Marundo ya majani humvutia kupiga mbizi, na hakuna sababu ya kumnyima, ila pitisha reki kwanza kuona kama chini yake kuna uyoga wa mwituni, vigae au matunda yaliyooza, ambayo yakichachuka huwa na kilevi. Panya nao huanza kuhamia stoo. Sumu yao isiwekwe mahali ambapo mbwa anaweza kuifikia, au kumfikia panya aliyekufa kwa sumu hiyo. Mifugo ya majirani ikiwa malishoni, mbwa awe na kamba bila mjadala. Fataki zikitarajiwa, mtembeze mapema mchana na ufunge malango kabla ya giza.

Msimu wa baridi

Mbwa mashuhuri zaidi waliowahi kuishi katika nyumba ya kupokea wasafiri ni wale wa watawa wa kipito cha Great St Bernard, katika milima ya Alps nchini Uswisi, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Mmoja wao, Barry, aliyeishi kati ya mwaka 1800 na 1814, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40. Kile kipipa cha pombe shingoni, ambacho kila mgeni atataka kukiona katika picha, kilitokana na mchoro wa Edwin Landseer wa mwaka 1820, wala hakuna ushahidi kwamba mbwa hao walikibeba. Usimning'inizie mbwa wako mzigo shingoni kwa ajili ya kamera.

Penye theluji, punguza manyoya yaliyo katikati ya vidole ili vidonge vya barafu visigande humo, na osha nyayo baada ya kila matembezi kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani. Mwenye manyoya mafupi avae koti. Maji ya rejeta yenye ethilini glaikoli yana ladha tamu na kiasi kidogo huua kwa kuharibu figo. Tone lililomwagika penye maegesho ya wageni lifutwe mara moja, na mbwa aliyeramba apelekwe kwa daktari kabla ya kuonyesha dalili yoyote. Meko iwe na wavu. Barafu juu ya bwawa isiaminiwe.

Msimu huu mtulivu ndio wa kufundisha upya. Rudia “basi” na “chini”, mkague meno na kucha, na umzoeshe mhudumu yeyote mpya kabla likizo haijaanza.

Mbwa anapozeeka

Miaka ikipita, atauchukia ule mruko wa ghafla aliokuwa akiupenda. Tandika mikeka kwenye sakafu zinazoteleza, punguza muda wa mpira hadi dakika 5 kisha uufute kabisa, na ubakize michezo ya pua, ambayo hata mbwa asiyeona vizuri huiweza. Mbwa anayepoteza usikivu hushtuka akiguswa usingizini na anaweza kuuma bila kukusudia, kwa hiyo badilisha maneno ya bango la mapokezi: badala ya kuwaalika wageni wauombe mpira, liwaombe wasimame mbele yake aone kwanza nani amekuja, ndipo wamguse.